Mahema Yako Matangani

Jumatatu, Machi 10. Migori mjini

Leo mtambo umezinduliwa. Jina lake kamili ni mtambo wa taarifa za dhoruba za papo hapo, na Mkurugenzi Obare amelitaja kwenye hotuba yake kwa furaha ya mtu anayetaja jina la kifungua mimba wake. Kazi yake si ngumu kueleza. Vinasa radi na vipima mvua vimefungwa kuanzia kwetu Kisii, ambako mto unaanzia na tunauita Gucha, hadi Nyatike, ambako unamwaga maji ziwani na wenyewe wanauita Kuja. Kila baada ya dakika chache skrini inaonyesha wingu liko wapi, lina nguvu gani na linaelekea kwa nani. Mimi Mong'ina, afisa wa dawati la maafa, ndiye wa kuikodolea macho na kuwaambia watu wakimbie.

Skrini ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, ikimngoja mgeni rasmi aje aifunue. Mgeni rasmi alichelewa. Alipofika tukaanza na maombi, kisha utambulisho, kisha kwaya, kisha kila aliyetambulishwa akaombwa aseme neno moja tu, na wote walikuwa na maneno mengi. Mvua ya mawe ikatushukia katikati ya hotuba ya tatu. Viti vilipinduka na keki ikalowa. Baadaye nilipokitoa kitambaa nilikuta mtambo umekuwa ukituonya tangu wakati wa maombi.

Kilichotuokoa ni mahema. Ni mapya, ya kijani, ya uokoaji. Jioni nikitoka niliyaona yakipakiwa kwenye lori, nikafurahi, nikidhani yanapelekwa ghalani.

Jumatano, Machi 12

Hakuna mvua. Nimeitazama skrini kutwa. Inapendeza hata ikiwa tupu.

Jumanne, Machi 18

Nimekwenda Kolando na dereva Gisiri. Gisiri ni Mkuria wa Kehancha, mtu mzima, haogopi barabara wala wakubwa wala fisi. Anaogopa radi. Ikipiga, huachia usukani akaziba masikio, kwa hiyo napenda tusafiri asubuhi.

Kolando ni kijiji kilichokaa kwenye kona ya mto kule Nyatike, tambarare kabisa. Mvua ikipiga kwetu mchana, maji huwafikia alfajiri, hata kama kwao halijaanguka tone. Mwaka jana, kabla sijaajiriwa, yaliwakuta usingizini. Serikali ilifika kesho yake. Hakufa mtu, lakini mama mmoja aliyeshindwa kukimbia alikesha juu ya paa la nyumba yake akiwa na jogoo na redio.

Mama huyo anaitwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa. Ni mjane, mfupi, na sauti yake inavuka mto bila msaada. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Kisii alinitazama kama mtu aliyempata mwizi wake.

"Kumbe ni nyinyi," akasema. "Hiyo maji inatoka kwenu, nyathina, mtoto yangu. Ambia watu yenu wakae nayo."

Akanisimulia habari ya paa. Gisiri, ambaye ameshaisikia mara kadhaa, anasema kila akiisimulia maji yanapanda kidogo. Lakini kinachomuuma si maji, ni Mzee Boaz, jirani yake wa mlimani, juu ya kijiji. Asubuhi ile Boaz alisimama salama kwenye boma lake, akampiga picha kwa simu akiwa juu ya paa na jogoo wake, na ile picha ikasambaa hadi Mombasa. Mtoto wa dada yake aliyeko Dubai aliiona na akampigia simu akicheka. Tangu hapo Nyar Karungu ameapa hatakanyaga kwa Boaz, awe hai au awe maiti.

Nikamwahidi kwamba mwaka huu hatapanda paa. Sijui ni nini kilichoniponza, nadhani ni ule ugali na omena alionilisha. Alinijibu kwamba sawa, atangoja aone. Sasa nikiiwaza kazi hii, mitambo yake na mikutano yake, namwona yeye tu na jogoo wake.

Jumamosi, Machi 22

Sabato. Sijaangalia skrini. Nimeichungulia kwenye simu mara moja tu, kabla ya kanisa. Labda mara mbili.

Jumapili, Machi 30

Tahadhari zetu zinakwenda kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu. Wataalamu waliotuletea mtambo walisema dunia nzima inafanya hivyo. Dunia nzima haijafika Nyatike.

Leo tumetuma ujumbe wa kwanza kwenye simu za watu: tahadhari ya rangi ya chungwa, Kolando na jirani zake, alasiri. Huku rangi hiyo ina wenyewe miaka mingi, ni ya chama cha siasa, na haijawahi kumaanisha mvua. Kufikia alasiri uwanja wa shule, ulio kwenye ukingo kabisa wa mto, ulikuwa umefurika watu wenye kofia na fulana za kampeni zilizopita, akina mama wamejipanga kwa nyimbo, wote wakiuliza helikopta ya mheshimiwa itatua wapi. Niliwatoa watu kwenye nyumba zao nikawakusanya mahali pabaya kuliko pote. Mungu ni mwema, dhoruba ilielekea ziwani.

Nyar Karungu alinipigia. Alikuwa amewahi nafasi ya mbele na amechomwa na jua. Nikamweleza kwamba hakuna mheshimiwa, ilikuwa mvua. Akauliza mvua yenyewe iko wapi. Nikajifanya mtandao umekatika. Kuanzia kesho tunatumia namba.

Ijumaa, Aprili 4

Leo nimejua mahema yanakolala.

Mchana dhoruba ilitoka upande wa Narok ikielekea Ogwedhi, siku ambayo soko la mifugo limejaa. Nikatuma tahadhari, nikamwita Gisiri awashe lori, nikakimbilia ghalani. Ndani kulikuwa na ndoo na paka.

"Madam," Gisiri akasema kwa upole, "leo ni Ijumaa."

Alisema hivyo kana kwamba ni jibu, na kumbe lilikuwa jibu. Ijumaa maiti hutoka mochari, usiku watu hukesha, Jumamosi wanazika. Msiba usio na hema ni aibu ya ukoo mzima. Basi kila Alhamisi jioni, au mapema zaidi msiba ukiwa mkubwa, mahema ya uokoaji huondoka na sufuria zake na jenereta yake, na Jumatatu hurudi yananuka moshi. Nikampelekea Mkurugenzi Obare moto wangu wote. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema katika kazi hii kuna watu anaoweza kuwakatalia, lakini marehemu hayumo. Hakuwa akitania.

Mahema yetu yalikuwa Ndhiwa, ambayo si yetu hata kidogo, iko upande wa Homa Bay. Nikampigia Sammy, mwenzangu anayeshika dawati kama langu huko, tunayejuana kwa simu tu. Nikamwomba kwa adabu anirudishie. Akauliza kama na mimi ningeweza kumtafutia ya kwake, kwa sababu yako Awendo, upande wetu wa Migori, kwenye mazishi ya mzee mmoja mkulima wa miwa. Tulicheka hadi nikakaa chini, halafu nikakumbuka kwamba dhoruba ilikuwa bado inakwenda Ogwedhi.

Watu wa Ogwedhi walijificha kanisani na kwenye baa, kama walivyofanya siku zote kabla ya mtambo. Ng'ombe walinyeshewa.

Alhamisi, Aprili 10

Nimetia kufuli kubwa ghalani. Funguo zote nimezivaa shingoni.

Jumamosi, Aprili 12

Jua lilipotua nikapita kukagua. Kufuli lipo, zima kabisa. Mlango ndio umeng'olewa bawaba ukaegemezwa ukutani kwa heshima. Gisiri amesikia ni kazi ya Jared, emsii anayeshika kipaza sauti matangani, ambaye hakuna anayezikwa kati ya Migori na Ndhiwa bila sauti yake. Namchukia Jared, na bado sijamwona uso.

Alhamisi, Aprili 17

Namba tatu, ya juu kabisa. Wingu kubwa lilijikusanya juu ya Nyatike na mimi sikutaka kurudia ya mwaka jana. Tuliwapandisha watu wa Kolando mlimani na magodoro, mbuzi, hata kabati moja la vyombo. Walipofika juu wingu likapinda, likavuka mpaka na kwenda kunyesha Tanzania. Mtambo ulionyesha lilipopinda, kwa rangi nzuri sana.

Mzee Boaz aliwapokea wote bomani kwake na kuwapikia chai. Ni mzee mrefu, mkavu, mwenye kikohozi kibaya na macho ya kucheka. Nyar Karungu alikataa kuvuka lango. Alikaa nje ya ua na jogoo wake, mwavuli umefunguliwa, mvua hakuna. Boaz alimpelekea kikombe cha chai kwa mkono wake mwenyewe. Akakiacha mpaka kikapoa, kisha akakirudisha kimejaa.

Wengine walipoanza kuteremka, wakinitania kwamba nimewapa mazoezi, Boaz aliniita kando.

"Ile picha, sikupiga ya kucheka," akasema. "Nilituma kwa afisa moja, nikaandika, mama ako juu ya paa, leteni boti. Boti haikukuja. Picha ndio ilitembea."

Nikamuuliza kwa nini hajamwambia mwenyewe. Akasema atamwambia siku atakayoinywa ile chai. Nilirudi mjini nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Mwaka jana taarifa ya papo hapo ilikuwepo, ya bure, ina picha na jogoo. Mtu akaipokea, akacheka, akawatumia wenzake.

Jumatatu, Aprili 28

Mzee Boaz amefariki. Ni kile kikohozi. Nililia ofisini, na Mkurugenzi akadhani mtambo umeharibika.

Jioni Jared akanipigia simu. Kumbe ni mpwa wa Boaz. Mazishi ni Jumamosi ya tarehe kumi, wakishafika watoto wa Nairobi, na angependa mahema. Nikamwambia mahema ya uokoaji ni ya uokoaji. Akasema pole kwa usumbufu, na kwamba nisijali, Sammy wa Homa Bay ameshampa ya kwake.

Ijumaa, Mei 2

Nimefanya utundu. Siku nzima hakukuwa na mvua, basi nikachukua matangazo ya vifo ya redio na ya simu za watu, nikayatia kwenye ramani ya mtambo, doti nyeusi kwa kila matanga ya mwisho wa juma hili. Nikakaa nikaitazama.

Kila doti ina mahema. Ina sufuria za kulisha mamia, wapishi, kuni kavu, jenereta, kipaza sauti, vyoo vilivyochimbwa juzi, na vijana wenye nguvu wasio na kazi hadi Jumamosi. Karibu zote ziko mahali pa juu, kwa sababu hakuna anayetaka kuzika kwenye maji. Nimeomba vitu hivi kwa miezi, nikaambiwa viko njiani, na kumbe kila Ijumaa vimeshafika kila mahali bila kuniuliza.

Nikampigia Jared. Nilitaka kumuuliza habari za doti mbili, tukazungumza hadi betri ikaisha. Yule mtu anajua kila hema liko wapi, limepasuka wapi na nani analirudisha. Akituma ujumbe kwenye kikundi chake watu wanajibu kabla sijameza mate. Mimi nikituma wa namba tatu, watu wananitumia vikatuni. Alipoomba radhi kwa ule mlango nilimwambia hata bawaba zilikuwa na kutu.

Jumatano, Mei 7

Manyunyu. Mkurugenzi ameuliza kama skrini inaweza kuonyesha mpira.

Ijumaa, Mei 9, na nikimalizia Jumapili

Naandika sasa kwa sababu nimelala na nimekula.

Ijumaa mchana wingu liliota juu ya Kisii. Halikuja kutoka mbali, liliota pale pale, likapanuka hadi skrini ikawa na doti za radi kuliko nafasi. Mama yangu akapiga simu kutoka nyumbani kusema migomba imelala chini na hasikii sauti yake mwenyewe. Vipima mvua vya juu vilipanda, vikafuata vya katikati. Safari hii hakukuwa na la kupinda wala la Tanzania. Maji yalikuwa yameshaingia mtoni, na mto unapita mahali pamoja tu. Yangefika Kolando alfajiri.

Ghala lilikuwa tupu, maana ni Ijumaa. Mahema yetu yalikuwa Ndhiwa tena. Nikampigia Sammy nikamuuliza kama ninaweza kutumia ya kwake, yaliyoko mlimani kwa marehemu Boaz.

"Tumia zote," akasema. "Mimi nishachukua zako. Huku chini ya Ndhiwa pia maji inaingia."

Nikatuma namba tatu Kolando. Majibu yakaja: wanaocheka, na mmoja aliyeuliza kama tunapitia Tanzania kwanza. Nikampigia Jared.

"Madam, ukisema mafuriko, hakuna mtu atatoka," Jared akasema. "Wacha mi niwaite kwa matanga."

Huku, ukikosa mkesha wa mwenzako, watu wako watakaa peke yao siku yako, na hakuna anayetaka kuzikwa na watu wachache. Jared akapaza sauti toka mlimani na kwenye kikundi chake: Kolando yote ilale kwa marehemu leo, wazee, watoto, wagonjwa, na kuku pia, kwa sababu marehemu aliwapenda. Akaongeza kwamba mto utafurika alfajiri, kama mtu anayetaja jambo dogo, na kwamba familia itaangalia nani hayupo. Nilipofika na Gisiri, njia ya mlimani ilikuwa imejaa watu waliovaa vizuri.

Sisi tukabeba wasioweza kutembea. Radi ya kwanza ilipolia Gisiri akaachia usukani. Nikaushika mimi, yeye amefumba macho na kukanyaga mafuta, nyuma wazee wanne wakiimba. Hivyo ndivyo tulivyokwenda safari mbili.

Akabaki Nyar Karungu. Nilimkuta kwenye kigoda mlangoni, jogoo mapajani, amekunja uso. Jua lilikuwa linatua na Sabato yangu inaingia. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba mazungumzo haya yatachukua muda kidogo, anihesabie kama ibada.

"Mama, maji yanakuja," nikasema.

"Ni ile ya kwenda Tanzania?"

Nikamwambia hii haiendi kokote ila hapa. Akaniamini, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema anajua yatakuja, magoti yake yamemwambia tangu asubuhi. Lakini alishaapa. Watu wangesema nini wakimwona kwa Boaz, na Boaz amelala pale hawezi hata kuona aibu? Paa analijua, alishalala huko. Nilibembeleza, nikakaripia, nikatoa machozi ya kweli. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi hii. Habari ya picha ilinijia hadi mdomoni, nikaimeza, kwa sababu nilijua angesema ni ujanja wa kumtoa nyumbani.

Ndipo sauti ya Jared ikateremka mlimani, safi kabisa, ikisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Nyar Karungu akageuza kichwa. Nikaitoa simu taratibu, nikamwandikia Jared maneno mawili: msifu zaidi.

Jared ni fundi. Akasema Boaz hakuwahi kumdharau mtu. Akasema Boaz hakuwahi, maishani mwake, kumcheka jirani.

Nyar Karungu akasimama. "Nani anasema hiyo?"

"Ni Jared. Ana usiku mzima."

"Na hakuna mtu anampinga?"

"Nani atampinga, mama? Wewe hauko."

Akaingia ndani, akatoka na redio na leso ya kujifunga. "Mi siendi kulia," akasema akipanda lori. "Naenda kusahihisha."

Na alisahihisha. Alivuka lile lango bila kulitazama, akampokonya Jared kipaza sauti, akasimulia habari ya paa yote, na maji safari hii yalifika kwenye masikio ya jogoo. Watu walicheka hadi wafiwa wenyewe wakashika mbavu. Alipomaliza akamgeukia marehemu, akamwambia kwamba yeye hana kinyongo tena, lakini ukweli ni ukweli.

Nikaomba kipaza sauti. Sijui kuhutubia, na Kiswahili changu kikanitoroka. Nikasema mimi ni wa serikali. Nikasema ile picha Boaz aliituma kwa serikali, siyo kwa watu, aliomba boti, na mtu wa serikali ndiye aliyecheka. Nikasema Boaz alitaka kumwambia mwenyewe. Jared akaenda ndani akarudi na simu ya mjomba wake, akaitafuta ile picha, akamkabidhi Nyar Karungu. Chini yake kulikuwa na maneno yale yale: mama ako juu ya paa, Kolando, leteni boti.

Nyar Karungu aliitazama muda mrefu. Jogoo naye alichungulia.

"Hata jogoo ametokea mzuri," akasema.

Hakusema tena kwenye kipaza sauti. Alivuta kigoda karibu na jeneza akakaa hapo, akiongea chini kwa chini kwa Kijaluo. Mimi Kijaluo changu ni cha sokoni, nilishika neno moja tu, chai.

Maji yalifika alfajiri, ya kahawia, kimya kuliko nilivyotarajia. Tulisimama wote juu, Kolando nzima, na hakuna jina lililoitwa likakosa mwenyewe. Nyumba ya Nyar Karungu ilisimama kidogo, kisha kuta zikalainika, na paa likaondoka polepole kuelekea ziwani. Alilisindikiza kwa macho hadi likapotea.

"Mwaka huu limeenda peke yake," akaniambia, akanishika mkono, na hapo nikalia bila aibu.

Mzee Boaz alizikwa baadaye asubuhi ile, kwenye matope, na umati ambao hata Jared hajawahi kuuona. Mkurugenzi akapiga simu akihema, akiuliza mahema yatafika lini. Nikamwambia yalifika kabla ya mafuriko. Akauliza yalifikaje. Nikamwambia yalikuwa matangani.

Jumatano, Mei 21

Wataalamu wamekuja kutoka Nairobi kuona tulivyofanya. Wakauliza zile doti nyeusi kwenye ramani ni nini. Kabla sijajibu Mkurugenzi Obare akawaeleza kwamba ni vituo vya jamii vya uokoaji vinavyohamahama, wazo alilokuwa nalo muda mrefu. Wakaandika yote. Mmoja akauliza vituo hivyo vinafunguliwa siku gani. Gisiri, aliyekuwa akileta soda, akawaambia Ijumaa.

Alhamisi, Mei 29

Watu wanapiga simu dawati la maafa kuuliza Jumamosi ipi ni kavu ya kuzika. Nawajibu. Nao wananiambia watazikia wapi, na naweka doti.

Ijumaa, Juni 13

Mvua za masika zimekwisha. Nimekwenda Kolando kuaga msimu, mchana, anga safi, Gisiri akiendesha kwa mikono yote miwili.

Nyar Karungu haishi tena kwenye kona ya mto. Watoto wa Boaz wamempa kipande mlimani, karibu na boma la baba yao, na vijana wa Jared wamemjengea nyumba ya mabati yenye mlango unaotazama kaburi. Anasema amechagua hivyo ili amchunge asipige watu picha. Jogoo amenenepa.

Alinikaribisha chai. Akamimina vikombe vitatu, na mimi nikadhani cha tatu ni cha Gisiri. Akakichukua, akatoka nacho, nikamwona kupitia mlangoni amesimama pembeni ya kaburi, anaongea kidogo, anangoja kidogo. Kisha akarudi nacho mkononi, akakaa.

"Amerudisha ikiwa imejaa," akasema, akainywa yeye.